Kunguru Anasikika Tano kwa Tano

Asubuhi ile jeshi zima lilitangaziwa rasmi kwamba linasikika. Brigedia, Mkuu wa Mawasiliano na Elektroniki, alipanda jukwaa la gwaride, akakigonga kipaza sauti kwa kidole, kikapiga yowe la paka aliyekanyagwa mkia, akasubiri kinyamaze, kisha akatamka kwamba vituo vyote vya redio, vya bondeni na vya mlimani, sasa vinasikika kwa asilimia mia. Majeshi mengine, alisema, bado yanahangaika huko kwenye tisini na kitu, na tuyaombee. Askari wakapiga makofi kwa pamoja na kuacha kwa pamoja, maana makofi nayo yalikuwa kwenye ratiba.

Katika mstari wa maofisa alisimama kapteni mmoja aliyekuwa anapiga makofi ya kugusisha vidole tu. Alikuwa Afisa Mhandisi wa Mawasiliano na Elektroniki, cheo ambacho hakikutosha kwenye kibao cha mlango wake, na kambini kote walimwita Waya. Hiyo asilimia mia aliitengeneza yeye, kwa mikono yake, juu ya meza yake ya karakana. Aliijua ndani nje, na ndiyo maana makofi yake hayakuwa na sauti.

Tuelewane kwanza kuhusu utaratibu, kwa sababu bila utaratibu hakuna jeshi, kuna watu wenye buti tu. Kila asubuhi makao makuu, ambayo hewani huitwa Tai, huviita vituo kimoja baada ya kingine. Kituo huitikia kwa namba mbili: ya kwanza ni nguvu ya sauti, ya pili ni uwazi wake. Moja kwa moja maana yake unasikia upepo. Tano kwa tano maana yake unamsikia mwenzako kama vile mmekaa benchi moja. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini Tai ni Brigedia, na nani mwenye ubavu wa kumwambia Brigedia kwamba sauti yake ni mbili kwa tatu? Alitokea luteni mmoja mgeni, mkweli wa kupitiliza, akamwambia. Alihamishiwa stoo ya mablanketi, na tangu hapo usikivu jeshini ukaimarika kwa kasi ya kutisha. Hata vituo vilivyokuwa havina betri viliitikia. Vilikuwa vinapiga simu ya mkononi kwa karani wa chumba cha redio na kumwambia, sisi tuandikie tano.

Waya aliingia jeshini na shahada ya uhandisi na moyo mweupe. Alitaka kujenga mitambo itakayomwezesha askari aliye porini kusema neno na neno lifike. Miaka ikakatika. Utumishi wake uliotukuka ukawa ni kufunga spika za bwalo la maofisa, kufufua televisheni ya Brigedia kila palipokuwa na mpira, na kulitibu friji la mke wa Brigedia, friji ambalo lilikuwa linaugua mara nyingi kuliko kikosi kizima. Aliosoma nao chuo walikuwa mameja, wengine wameshaota vitambi vya uluteni kanali. Yeye kila akiulizia cheo aliambiwa faili lake liko mezani kwa mkuu. Lilikuwepo kweli. Siku moja alilipita akaliona, juu yake pamewekwa kikombe cha chai.

Kisha zikaja redio mpya. Brigedia alizichagua kwenye picha, na kwa picha hakuna aliyeweza kumlaumu. Zilikuwa za kijani kibichi, zina kioo, zina taa za rangi zinazokimbizana. Waya alizifungua karakanani, akazipima, akaandika kwamba zinapata moto upesi, zikishapata moto zinakata sauti, na kule milimani hazitafika popote. Brigedia akamwita.

"Kapteni, umeziona taa zake?"

"Nimeziona, afande."

"Zile za zamani zilikuwa na taa?"

Hazikuwa nazo. Hoja ikaishia hapo, na redio za zamani, mbaya za sura lakini zenye mdomo, zikakusanywa na kufungiwa ghalani.

Sasa kulikuwa na kituo kimoja juu kabisa ya mlima, mbali, mahali ambapo simu ya mkononi haipati mtandao hata ukiinua juu ya fimbo. Ndiyo sababu jeshi lilipeleka redio huko. Hewani kiliitwa Kunguru. Mkuu wake alikuwa sajini kijana, mlalamishi wa kuzaliwa, naye alikuwa mdogo wake mke wa Waya, toka nitoke. Alikuwa na askari wachache na paneli ya umeme wa jua. Redio mpya ilipofika kwa Kunguru iliwaka taa zake zote, ikasema maneno mawili matatu, ikanyamaza moja kwa moja.

Asubuhi Tai akaita Kunguru. Kimya. Kesho yake akaita. Kimya. Kwenye ubao wa takwimu wa Brigedia pakatokea pengo, na pengo lile lilimuuma Brigedia kuliko jino. Ikaitishwa Kamati ya Usikivu. Katibu wake alikuwa Meja wa Taratibu, mtu mwembamba aliyekuwa anazijua kanuni za jeshi kuliko anavyowajua watoto wake. Waya akaeleza kwamba redio ya Kunguru imekufa na inatakiwa gari lipeleke ya zamani. Meja akamsikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama unavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Halafu akamkumbusha kanuni: hitilafu ya redio huripotiwa na kituo husika, kwa njia ya redio. Je, Kunguru ameripoti? Hajaripoti. Basi hakuna hitilafu, kuna kimya tu, na kimya si kosa la kiufundi, ni tabia.

Waya akauliza, mtu ambaye redio yake imekufa ataripotije kwa redio? Meja akajibu kwamba swali hilo ni zuri na alilete kwa maandishi.

Brigedia hakuwa na muda wa falsafa. Alikuwa na Chumba cha Amri kinachojengwa chini ya ardhi, chenye marumaru ukutani, na Naibu Waziri alikuwa anakuja kukizindua. Hakutaka mgeni rasmi akute ubao una pengo. "Mimi sikuombi redio, Kapteni," akasema. "Nakuomba jibu. Mhandisi ni wewe." Akaongeza kwamba uzinduzi ukishapita, siku inayofuata gari litakwenda kwa Kunguru, na kile kikombe cha chai kitaondoka juu ya lile faili.

Hapo Waya angeweza kukataa. Hakukataa. Alijiambia ni kitu cha muda mfupi, na maneno hayo ndiyo ambayo kila mtu aliyewahi kufanya upuuzi huanza nayo. Akakusanya kanda za zamani za mafunzo, akatengeneza kisanduku cha bati, si kikubwa kuliko mkate. Ukibonyeza kitufe cha kuongea cha redio iliyo karibu nacho na kukiachia, kisanduku kinasubiri kidogo, kwa adabu, halafu kinaitikia. Ndani ya kanda moja aliikuta sauti ya shemeji yake enzi yuko kuruta, anafundishwa jibu la kitabuni: "Nakusikia vizuri sana, mkuu, tano kwa tano. Hapa kwetu shwari." Akaiweka. Akaitia na mkwaruzo kidogo nyuma ili isiwe safi mno.

Brigedia alipoisikia mara ya kwanza alifumba macho. Akaamuru vituo vyote vitiwe humo humo, karani apumzike na simu. Ndiyo ikazaliwa asilimia mia tuliyoitangaza hapo mwanzo.

Jambo ambalo Waya hakulipigia hesabu ni chakula. Mahitaji ya kituo, kwa kanuni, huombwa kwa redio. Zamani kituo kikikaa kimya, angalau afisa ugavi alikuwa anakuwa na wasiwasi na kutuma unga wa kubahatisha. Sasa Kunguru hakuwa kimya. Kunguru kila asubuhi alikuwa anasema kwao shwari. Gari lililokuwa limeshapakiwa gunia mbili tatu likapakuliwa, likaenda kubeba marumaru. Wala askari wa kule wasingeweza kushuka mlimani wajitetee, kwani kuacha kituo bila ruhusa ni utoro, na ruhusa nayo huombwa kwa redio.

Mke wa Waya alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake nje ya geti la nyumba za maofisa. Kila jioni mumewe akirudi alimuuliza swali lile lile: umemsikia mdogo wangu? Na kila jioni Waya alijibu, nimemsikia. Hakudanganya. Alimsikia, kwa masikio yake mawili. Mkewe akauliza anasemaje, naye akasema, anasema shwari. Mke akamshukuru Mungu, akampakulia. Waya akawa anakula huku anatazama ukuta.

Siku moja akatokea mrina asali. Alikuwa ameshuka kutoka mlima ule na baiskeli yake, madumu mawili ubavuni, akafika mpaka kwenye kile kibanda na kuuliza kama huyu fundi ndiye dada wa sajini wa kule juu. Akasema alichotumwa. Kwamba wanaita, hawajibiwi. Kwamba unga umekwisha zamani, chumvi imekwisha, wanachemsha majani, na mmoja wao ana homa haimwachi. Kwamba redio mpya wameigundulia kazi, inapata moto vizuri, wanaanikia soksi. Na sajini amesema, muulize dada, amuulize mume wake: kwani tumewakosea nini?

Waya alipofika nyumbani mkewe hakuwa amewasha jiko. Alikuwa amekaa, futi ya kupimia nguo iko shingoni.

"Uliniambia umemsikia."

"Nilimsikia."

"Akasemaje?"

"Shwari."

Mkewe akaivua ile futi shingoni. "Mdogo wangu mimi, tangu azaliwe, hajawahi kusema shwari. Huyo hata akishiba analalamika kwamba ameshiba. Ulimsikia nani wewe?"

Waya akasema yote, la kisanduku, la kanda, la kikombe cha chai. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akashindwa hata kuvua kofia. Mkewe hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema tu kwamba sauti ile ni ya mtoto aliyembeba mgongoni, na haikuwa ya Waya kuikopesha mtu. Kuanzia hapo akawa hasemi naye tena zaidi ya pisha na chukua. Kesho yake wakampakia mrina asali unga, chumvi na dawa, kadiri baiskeli ilivyoweza kubeba. Lakini baiskeli ni baiskeli, na mlima ni mlima.

Waya akaenda kwa Brigedia. Alijikaza, akaomba gari, akasema askari wana njaa na mmoja ni mgonjwa. Brigedia akataka kujua habari hizo zimekuja kwa chombo gani. Waya akasema kwa mrina asali. Meja wa Taratibu, aliyekuwa pembeni, akaandika neno asali kwenye karatasi na kulipigia mstari.

"Kunguru ameitikia leo asubuhi?" Brigedia akamuuliza Meja.

"Ameitikia, afande. Tano kwa tano. Kwao shwari."

"Afande, ile ni mashine," akasema Waya.

"Mashine ya nani?"

"Yangu, afande."

"Nzuri au mbovu?"

"Nzuri, afande."

"Sasa kama ni nzuri, unabishana nayo ya nini?"

Brigedia akakunja sura. Akasema amegundua ugonjwa wa huyu kapteni: anatafuta hitilafu mahali ambapo hazijaombwa. Akampa amri ya mdomo mbele ya Meja. Kuanzia sasa ni marufuku kwake kugusa kifaa chochote cha jeshi hili mpaka hitilafu yake iripotiwe na mtumiaji mwenyewe, kwa redio, na amri hiyo haitatenguliwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa Brigedia. Kwa redio pia, Meja akakumbusha, ili iwe halali. Kwa redio, Brigedia akakubali. Waya akaambiwa airudie. Akairudia neno kwa neno, akapiga saluti, akatoka anaona giza mchana kweupe. Akaomba likizo aende mwenyewe. Likizo zote zilikuwa zimesimamishwa mpaka uzinduzi upite.

Uzinduzi ukafika. Mahema yakapigwa, viti vikavishwa vitambaa, bendi ikapangwa, masufuria ya wali na nyama yakapangwa nyuma ya mahema yakifuka. Familia za maofisa zilialikwa. Mke wa Waya alikuja kapendeza, akachagua kiti ambacho kinamwona mumewe bila kumsalimu.

Chumba cha Amri kilikuwa fahari tupu. Juu, usawa wa uwanja, kuna mlango wa chuma mnene, una kidirisha cha kioo kisichopitisha risasi wala sauti. Ukiingia na kushuka ngazi unakuta makochi, kiyoyozi, marumaru, ramani yenye taa, na katikati, juu ya meza yake peke yake, kile kisanduku cha bati, kimepakwa rangi ya dhahabu. Brigedia alikuwa ameamuru kihamishiwe humo ili kiwe kivutio. Mlango ulikuwa unajifunga wenyewe na hauna kitasa kwa ndani, kwa sababu kitasa, ilielezwa, ni udhaifu wa kiusalama. Hufunguliwa kwa kitufe cha nje, na kitufe hubonyezwa na mlinzi pale tu anapopokea amri ya Brigedia kutoka ndani, kwa redio. Wakati kinajengwa Waya alishauri litobolewe tundu la kupitisha waya wa antena, maana zege lile na vyuma vile havipitishi mawimbi. Akajibiwa kwamba tundu litaharibu marumaru. Majaribio yalifanywa mlango ukiwa wazi, yakafaulu sana.

Naibu Waziri, mtu mnene mpole mwenye miwani, akakata utepe. Akaingia na Brigedia, wawili tu, kwa heshima. Mlango ukajifunga nyuma yao kwa mlio mzito wa kupendeza, na wageni wakapiga makofi.

Yaliyotokea ndani yalisimuliwa baadaye na Naibu Waziri mwenyewe. Brigedia alimwonyesha ramani, akamwonyesha kochi, kisha akamwonyesha kisanduku. Akabonyeza, akaita, vituo vyote vikaitikia kimoja kimoja, tano kwa tano, kwao shwari. Mgeni akafurahi. Akaomba kutoka, kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kikali na yeye ana kifua. Brigedia akashika redio yake ya kijani, akamwita mlinzi wa mlango, akamwamuru afungue. Kisanduku kikasubiri kidogo, kwa adabu, kikajibu: "Nakusikia vizuri sana, mkuu, tano kwa tano. Hapa kwetu shwari." Mlango haukufunguka. Akaamuru tena, kwa ukali. Kikamjibu tena, kwa upole. Akatukana. Vituo vyote vya jeshi, kimoja baada ya kingine, vikamthibitishia kwamba wamemsikia vizuri sana.

Nje mlinzi alikuwa amesimama wima, redio sikioni, hasikii kitu, kidole kiko tayari. Bendi ikapiga wimbo wa kwanza na wa pili. Wageni wakadhani maelezo ni marefu, kama kawaida ya Brigedia. Mwishowe uso wake ukatokea kwenye kidirisha, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, anapiga kioo kwa viganja. Meja wa Taratibu akampigia saluti.

Uso ukapotea, ukarudi, mdomo unafunguka na kufumba. Nyuma yake alionekana Naibu Waziri amejifunika kitambaa cha meza. Meja akapungia mkono. Halafu mkono ukamgandia hewani. Akamsogelea Waya, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ule mlango una tatizo.

"Sijapata taarifa, afande," akasema Waya. "Kituo husika kimeripoti?"

Meja akamuuliza mlinzi. Mlinzi akasema redioni kimya.

"Basi hakuna hitilafu," akasema Waya. "Kuna kimya tu."

Mlinzi akauliza kama abonyeze tu yeye. Meja akaruka kama amemwagiwa maji: bila amri ya redio? Hiyo ni mahakama ya kijeshi, kwa mlinzi na kwa aliyemruhusu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alijua, na kila mtu kambini alijua, kwamba Waya angeweza kuufungua ule mlango kwa bisibisi upande wa kisanduku cha umeme, na ikaonekana ni kosa la mafundi. Hiyo haikuwa imekatazwa popote, isipokuwa kwa Waya.

"Waya, kaka," akasema. Hajawahi kumwita hivyo. "Fungua bwana."

"Nina amri, afande. Ulikuwepo. Nisiguse kifaa mpaka mtumiaji aripoti kwa redio."

"Lakini si unawaona! Wanataka kutoka!"

"Na Kunguru anataka kula. Gari unasaini wewe."

"Kunguru hajaomba," akasema Meja, kwa mazoea.

Waya akaelekeza kidevu kwenye kidirisha. "Na hawa pia hawajaomba."

Meja alitazama kioo. Brigedia sasa alikuwa amegandamiza shavu zima pale, pua imelala upande. Kitu kikapasuka ndani ya Meja, kitu kilichokuwa kimekazwa tangu chuo cha kijeshi. Akachomoa kalamu, akatafuta karatasi, akakosa, akasaini amri ya gari juu ya ratiba ya sherehe. Waya hakusogea. Alisema atasubiri kuliona linatoka getini, likiwa na redio ya zamani kutoka ghalani, mganga wa kikosi, na chakula. Chakula kipi, Meja akauliza, stoo imefungwa. Nyuma yao mke wa Waya alikuwa ameshasimama. Aliita wapishi, akawaonyesha masufuria, na wali wa wageni ukapanda lori na nyama yake, mifuniko ikiwa imefungwa kwa vitambaa vya viti. Akakaa mbele pembeni ya dereva. Lori lilipompita mumewe alitoa kichwa dirishani.

"Ukimaliza hapo, njoo nyumbani mapema," akasema. Ndilo lilikuwa neno refu kuliko yote tangu siku ya asali, na Waya alihisi kifua kimefunguka kabla hajafungua chochote kingine.

Lilipotoka getini alitoa bisibisi mfukoni. Akamwambia Meja kwamba anavunja amri, aandikwe. Meja akasema haoni kitu, jua limemwingia machoni. Mlango ukafunguka. Naibu Waziri alitoka kwanza, midomo imekuwa ya bluu, kile kitambaa bado kiko mabegani. Hakukasirika, watu wa aina ile hawakasiriki hadharani. Alishukuru. Akaomba chai ya moto. Akauliza chakula kiko wapi, akaambiwa kimekwenda kwa Kunguru, akauliza Kunguru ni nani, na Waya akamweleza kwa maneno machache, kila kitu, na sehemu yake mwenyewe hakuificha.

Naibu Waziri alipuliza chai yake. Halafu akamgeukia Brigedia.

"Brigedia, katika vituo vyako vyote, ni kipi kinachosikika vizuri kupita vyote?"

Brigedia alikuwa bado anatetemeka, na ulimi wake ulikwenda ulikozoea. "Kunguru, mheshimiwa."

"Vizuri. Basi nenda ukakisimamie wewe mwenyewe. Kituo bora kinastahili mkuu bora."

Wageni wakapiga makofi. Uteuzi ule ulitangazwa kuwa wa heshima, na Brigedia alipanda mlima na redio ya kijani yenye taa. Alikataa ya zamani mbele ya waandishi wa habari, kwa kuwa alikuwa ameshaisifu hiyo mpya na kamera zinawaka. Ile ya zamani ikarudi na lori, pamoja na askari wote waliokuwa kule. Aliyekuwa na homa akapona. Askari wapya wa Kunguru hawalali njaa. Lori lao linakwenda kila wiki, liombwe lisiombwe, maana Meja, ambaye sasa anakaimu ukuu wa Mawasiliano, ametunga kanuni mpya na anaipenda kama mtoto wake. Dereva akirudi hutoa habari kwamba Brigedia hajambo, anaomba sana uhamisho, na soksi zake zinakauka vizuri. Meja humsikiliza kwa upole. Maombi ya uhamisho, anasema, huombwa kwa redio.

Waya bado ni kapteni. Faili lake limefutwa alama ya kikombe, hatua ambayo si ndogo. Amewahi kuomba akizime kile kisanduku cha dhahabu, ambacho kimerudishwa chumba cha redio, lakini amri ya kutogusa kifaa chochote haijatenguliwa, na mwenye uwezo wa kuitengua ni Brigedia peke yake, kwa redio.

Shemeji alipoteremka mlimani alihamishiwa karakanani kwa Waya. Siku yake ya kwanza alianza kulalamikia kiti, akaja dirisha, akaja harufu ya risasi ya kulehemu, na Waya alikuwa anayapokea malalamiko yale kwa raha kabisa. Kwenye spika ya ukutani Tai akaanza kuita vituo. Akamwita Kunguru. Kisanduku kikasubiri kidogo, kwa adabu, kikaitikia kwa sauti ya kuruta mmoja wa zamani: nakusikia vizuri sana, mkuu, tano kwa tano, hapa kwetu shwari.

Shemeji alikuwa na kikombe mkononi. Akatikisa kichwa.

"Jamaa huyo ni mwongo," akasema. "Halafu hii chai haina sukari."

Waya akamsogezea kopo la sukari, akarudi kwenye redio ya zamani, ambayo vitabuni si kifaa tena bali chuma chakavu, akaendelea kuitia betri.